Mita Moja kwa Kila Mwaka wa Nuru

Siku ya kwanza: kigingini hadi kilomita 1

Alfajiri nilikita kigingi kando ya barabara ya vumbi, nikamwambia mpwa wangu kwamba Jua liko hapo, kwenye ncha. Akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Mjomba, mbona silioni?"

Asingeweza kuliona. Tumekubaliana kwamba mwaka mmoja wa nuru, umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka, yaani zaidi ya kilomita trilioni 9, utakuwa mita moja ya barabara. Kwa kipimo hicho Jua, ambalo upana wake halisi ni kilomita milioni 1.39, linakuwa dogo kuliko bakteria walio wengi. Yangetakiwa karibu Majua 500 yapangwe bega kwa bega ndipo yajaze unene wa unywele mmoja. Sayari zote, hadi Neptuni iliyo ya mwisho, zinazunguka ndani ya duara la milimita moja. Voyager 1, chombo kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho kimefika mbali kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu, hakijamaliza hata milimita 3.

Safari hii nimeiwaza kwa miaka. Nimesoma mara nyingi kwamba kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, kiko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000, na kila mara tarakimu hiyo imenipita kama upepo. Kilomita 26 haziwezi kunipita hivyo, nyayo zitazikumbuka. Tuna baiskeli ambayo gurudumu lake la mbele likizunguka mara moja linameza mita 2, na kwenye spoku yake tumefunga kitambaa chekundu. Kazi ya mpwa ni kuhesabu kitambaa kila kinapopita juu. Yangu ni daftari na mfuko wa kokoto. Tutaweka kokoto moja kila kilomita, na kila moja ni miaka ya nuru elfu.

Kabla ya kuondoka tulichora duara kukizunguka kigingi, mita 10 kila upande. Ndani yake, ukiacha Jua, mna nyota 11 tu. Ya karibu zaidi, Proxima, iko mita 4 na sentimita 24 kutoka kigingini. Tuliiwekea punje ya mchanga, ingawa hata punje ni kubwa mno. Shira, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, iko mita 8.6. Saba kati ya hizo 11 ni vibete vyekundu, nyota ndogo zenye mwanga hafifu ambazo hakuna hata moja inayoonekana kwa macho matupu. Na ndivyo ilivyo kote tuendako: karibu robo tatu ya nyota za Njia Nyeupe ni vibete vyekundu. Anga tunalolifahamu ni anga la wakubwa wachache. Wenyeji wenyewe hatujawahi kuwaona.

Nilitoka nje ya duara nikalitazama. Punje 11 katika uwanja ambao watu mia wangekaa kwa raha. Nilikuwa nikijua kwa kusoma kwamba galaksi ni utupu, lakini kusimama mbele ya utupu huo, ukaupima kwa miguu, ni jambo jingine kabisa. Nilikaa chini kidogo kabla ya kuendelea.

Kwenye mita 120 hivi nilimsimamisha mpwa. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, na binadamu ametangaza redioni kwa zaidi kidogo ya miaka 100. Kila wimbo, kila hotuba, kila taarifa ya habari iliyowahi kurushwa hewani haijavuka hapa. Aligeuka akakitazama kigingi, ambacho bado kilionekana vizuri.

"Hapa tu, Mjomba?"

Hapa tu.

Kilomita hii moja ilitumaliza siku, nami sijutii, kwa sababu nyota nyingi mno kati ya zile tunazoziona usiku bila darubini ziko ndani yake. Kilimia chenyewe, kinachofuatwa na wakulima tangu zamani, kiko mita 440 hivi, ila upande mwingine wa kigingi. Tena tulikuwa tukitembea ndani ya povu. Yapata miaka milioni 14 iliyopita nyota kubwa zilianza kulipuka eneo hili moja baada ya nyingine, zikaisukuma gesi pembeni, zikaacha uwazi wenye upana wa miaka ya nuru kama 1,000. Kwenye kingo za uwazi huo, gesi ilikosongamana, ndiko nyota changa za jirani yetu zinakozaliwa. Jua halikuzaliwa humo, limeingia tu likiwa njiani.

Tumeweka kokoto ya kwanza jua likizama.

Siku ya pili: kilomita 1 hadi 7

Leo mwendo ulikuwa wa kweli. Mpwa ameshapata mdundo wa kitambaa, anahesabu bila kutazama.

Tukiwa njiani nilimweleza umbo la nyumba tunayoitembelea. Sahani ya nyota ina upana wa miaka ya nuru isiyopungua 100,000, lakini unene wa kama 1,000 tu. Alikuwa na sidii kuukuu mkobani, na kwa bahati njema hakuna mfano bora kuliko huo: sidii ina upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2, uwiano uleule. Kwa kipimo chetu, basi, tuko ndani ya sahani yenye upana wa kilomita 100, na dari yake iko mita 500 tu juu ya vichwa vyetu. Sakafu nayo iko mita 500 chini ya nyayo. Ndiyo sababu Njia Nyeupe huonekana kama ukanda. Tukitazama kuelekea ubapa wa sahani tunaona nyota juu ya nyota hadi zinaungana kuwa maziwa. Tukitazama juu au chini, macho yanatoka nje upesi.

Kilomita ya 4 ilituleta kwenye wingu la gesi liitwalo M8, ambalo mwenye macho mazuri hulipata katika kundinyota la Mshale bila darubini. Hapo tumeingia katika mkono wa Mshale, mmoja wa mikono ya nyota na gesi iliyopinda kwenye sahani. Jua letu linakaa katika tawi dogo, mkono wa Jabari, na kati ya tawi hilo na mkono huu kuna nafasi tuliyoivuka asubuhi.

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko nilivyopanga, maana neno "mkono" huwapotosha watu, na lilinipotosha mimi kwa miaka. Hudhaniwa kwamba nyota za mkono zimeshikamana na kuzunguka pamoja kama mapanga ya feni. Zingekuwa hivyo, mikono ingekwisha kujisokota kama uzi kwenye kigingi, kwa kuwa nyota za ndani humaliza mzunguko mapema kuliko za nje. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mkono unafanana na foleni ya magari. Gari huingia, hupunguza mwendo, husonga, hutoka upande wa pili, na foleni hubaki palepale ingawa magari siyo yaleyale. Gesi ikiingia kwenye msongamano huo hubanwa, na iliyobanwa huzaa nyota. Zile kubwa za buluu huwaka kwa ukali na kuishi miaka milioni chache tu, kwa hiyo hufa kabla hazijatoka kwenye foleni. Ndizo zinazoufanya mkono ung'ae. Nyota za kawaida kama Jua huingia na kutoka mara nyingi.

"Kwa hiyo mkono hauna kitu chake?" mpwa aliuliza.

Una kitu, lakini hakidumu nao. Alilifikiria hilo hadi kokoto ya 6.

Siku ya tatu: kilomita 7 hadi 13

Upepo ulianza saa tatu asubuhi. Vumbi la barabara lilipanda hadi hatukuona mita 50 mbele, tukajifunga vitambaa usoni. Baiskeli ikapata pancha. Tuliziba, tukakaa chini ya mti hadi alasiri, na wakati huo wote nilikuwa nikifikiri kwamba sikuweza kuchagua mahali bora pa kukwama. Kwenye galaksi halisi, vumbi ndilo lililowazuia watu kujua mahali walipo.

William Herschel alihesabu nyota pande zote za anga, na mwaka 1785 akatoa ramani iliyoliweka Jua karibu na katikati. Alikuwa mtu makini sana. Ila alikuwa kama sisi chini ya mti: aliona umbali uleule kila upande, akahitimisha kwamba yuko katikati. Kati ya nyota kuna chembe za kaboni na za mawe, ndogo kama za moshi. Uzito wake ni kama sehemu moja tu kwa mia ya gesi, lakini zinatosha kuufunika ulimwengu. Ile michirizi myeusi inayoipasua Njia Nyeupe usiku wa giza siyo matundu yasiyo na nyota. Ni mawingu ya vumbi yaliyosimama mbele yake. Mwaka 1930 Robert Trumpler alithibitisha kwamba vumbi hili limetapakaa na kufifisha nyota za mbali. Kutoka kitovuni, katika nuru tunayoiona kwa macho, kwa kila chembe trilioni za nuru zinazoondoka kuja kwetu hufika moja hivi.

Njia ya kutoka gizani ilikuwa imekwisha kuonekana juu ya vumbi. Kuna mafungu ya nyota yenye umbo la tufe, malaki ya nyota zilizosongamana, na mengi yako nje ya ubapa wa sahani. Tunayoyafahamu ni kama 150. Ni wazee wa galaksi, mengi yana umri wa miaka bilioni 12 au zaidi, na nyota zake zina chuma kidogo mno kwa sababu zilizaliwa kabla chuma hakijatengenezwa kwa wingi. Karibu na mwaka 1918 Harlow Shapley alipima umbali wake akakuta hayakulizunguka Jua. Yalizunguka mahali pengine, mbali, kuelekea Mshale. Vipimo vyake vilizidisha umbali, lakini mwelekeo ulikuwa sahihi. Kwa jambo hilo moja binadamu aliondolewa katikati ya galaksi, na mimi nasoma habari hiyo kwa heshima kila mara, kwa kuwa yeye naye alikuwa amesimama ndani ya vumbi.

Moja ya mafungu hayo, M22, liko karibu na njia yetu, umbali wa kilomita 10 na zaidi kidogo. Tulilipita jioni, upepo umekwisha kutulia.

Siku ya nne: kilomita 13 hadi 20

Joto. Tumetembea asubuhi na jioni tu.

Adhuhuri mpwa alikuwa anakunywa maji, nikamwambia anachokunywa. Hidrojeni iliyomo ilikuwepo tangu mwanzo wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Oksijeni yake ilipikwa ndani ya nyota kubwa zilizolipuka kabla Jua halijazaliwa. Gesi ya Njia Nyeupe, kwa uzito, ni karibu robo tatu hidrojeni, na inayobaki karibu yote ni heliamu. Kila kitu kingine, kaboni, oksijeni, chuma, dhahabu, ni kama sehemu mbili tu kwa mia. Mpwa akagonga fremu ya baiskeli. "Na hiki?" Chuma hicho nacho, sehemu yake kubwa, kilitoka kwenye milipuko ya vibete vyeupe, mabaki ya nyota zilizokwisha kuzimika.

Hidrojeni hiyohiyo ndiyo iliyotuchorea ramani. Ikiwa baridi hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, na wimbi hilo halijali vumbi. Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944, likanaswa mwaka 1951, na tangu hapo mikono ikaanza kuonekana hata nyuma ya mawingu.

Karibu na kilomita ya 15 nilielekeza kidole kushoto. Kama kilomita 7 huko, uwandani, ndiko linakoanzia gogo. Katikati ya galaksi nyota hazikujipanga kwa duara. Zimejipanga kama gogo refu lililolala kwa mshazari, na mikono hutokea kwenye ncha zake. Tungeweza kuitazama galaksi kutoka juu tungeliona mara moja. Sisi tulio ndani tulihitaji darubini za infraredi na miongo ya mabishano.

Kokoto ya 20. Nuru inayotufikia leo kutoka hapa iliondoka wakati barafu imefunika sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini.

Siku ya tano: kilomita 20 hadi 26

Tuliondoka kabla hapajapambazuka ili tuone Mshale ukiwa bado juu. Hatukuzungumza sana.

Hapa sahani inavimba. Nyota ni nyingi, wengi wao wazee wenye rangi ya njano na nyekundu, na mawingu ya gesi ya mita mia chache za mwisho ni mazito kuliko yoyote tuliyopita. Katika moja lao, Sagittarius B2, darubini za redio zimetambua molekuli nyingi sana, hata alkoholi.

Gurudumu la 13,000 lilizunguka saa tano asubuhi. Mpwa akasimamisha baiskeli bila kuambiwa.

Tulichora duara jingine, safari hii la mita 3. Kule nyumbani duara la mita 10 lilikuwa na nyota 11. Ndani ya mita hizi 3 mna mamilioni ya nyota. Kungekuwa na mtu hapa asingejua usiku wa giza.

Kisha kitu chenyewe. Mwaka 1974 Bruce Balick na Robert Brown waliona chanzo kidogo mno cha mawimbi ya redio hapa kitovuni, nacho kikaja kuitwa Sagittarius A*. Makundi mawili, moja likiongozwa na Reinhard Genzel na jingine na Andrea Ghez, yalitumia miaka mingi kufuatilia nyota zinazokizunguka. Nyota moja, S2, humaliza mzunguko kwa miaka 16 hivi. Nilikunjua kiganja nikamwonyesha mpwa: mzunguko wote wa S2 unatosha hapa. Mwaka 2018 ilipita umbali wa kama milimita 2 kutoka katikati kwa kasi inayozidi kilomita 7,000 kwa sekunde. Ili kuishika nyota inayokimbia hivyo kunahitajika uzito wa zaidi ya Majua milioni 4 katika nafasi ndogo mno, na hakuna kitu kinachojulikana kinachotosha ila shimo jeusi, kitu chenye uvutano ambao hata nuru haiwezi kuuponyoka. Genzel na Ghez walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2020. Tarehe 12 Mei 2022 tukaoneshwa picha: pete ya mwanga na kivuli katikati.

Kwa kipimo chetu shimo hilo lina upana wa vipande viwili na nusu vya elfu moja ya milimita. Kitu ambacho safari nzima ilielekea kwake hakionekani, kama vile Jua kigingini.

Mpwa aliuliza kama ndilo linaloishika galaksi yote. Wengi hudhani hivyo. Majua milioni 4 ni mengi, lakini galaksi ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Shimo hutawala ua wake mdogo tu, si mji.

Tuliinua macho. Mwaka 2010 darubini ya anga ya Fermi ilifichua mapovu mawili ya miali ya gama yaliyotokea hapa, moja juu na jingine chini, kila moja likifika miaka ya nuru 25,000. Umbali wote tulioutembea kwa siku tano, ukiusimamisha wima. Kitu kiliwahi kulipuka hapa kwa nguvu kubwa mno.

Siku ya sita

Mapumziko. Malengelenge, na gari la mizigo lililotubeba kurudi kigingini.

Siku ya saba na ya nane: kigingini hadi ukingoni

Tukaelekea upande wa pili, kilomita 24 hivi hadi ukingo wa sahani kama tunavyoufahamu.

Barabara ya nje haina msongamano. Kilomita 6 hivi ni mkono wa Farisi. Kwenye kilomita 6 na nusu tukakuta Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo mlipuko wake ulionekana mwaka 1054 na kuandikwa na watazamaji wa China. Baada ya hapo nyota hupungua, gesi hubaki, na sahani yenyewe hujikunja kama ukingo wa kofia.

Nilikuwa nikisubiri kilomita hizi tupu kwa ajili ya jambo moja. Huku nje nyota zilipaswa kuzunguka polepole, kama vile Neptuni inavyozunguka polepole kuliko Dunia. Lakini kasi yake haipungui kama inavyotarajiwa. Vera Rubin na Kent Ford walipima hali hiyo kwenye galaksi jirani ya Andromeda, wakachapisha mwaka 1970, na galaksi baada ya galaksi ikaonyesha hivyohivyo. Nyota na gesi zote tulizozipita hazitoshi kuzishika hizi za ukingoni. Kuna maada nyingine isiyotoa nuru wala kuizuia, na ndiyo zaidi ya nne kwa tano ya uzito wa Njia Nyeupe. Tumekuwa tukitembea ndani yake tangu kigingini.

"Basi hapa siyo mwisho," mpwa alisema, kokoto ya mwisho mkononi.

Siyo. Maada hiyo ya giza huendelea kwa mamia ya kilomita za barabara yetu, kupita hata Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani iliyo kilomita 160 kutoka kigingini. Hata hivyo aliiweka kokoto, kwa sababu nyota za sahani zilikuwa zimekwisha.

Siku ya tisa: kigingini

Tumerudi kung'oa kigingi. Nilimwambia kwamba wakati tukitembea Jua nalo lilikuwa safarini, kilomita 230 hivi kila sekunde, kuzunguka kitovu tulichokitembelea. Huchukua karibu miaka milioni 230 kumaliza duara moja. Tangu asubuhi ile ya kwanza zimepita siku nane. Mpwa alipiga hesabu kwenye daftari: karibu kilomita milioni 160, zaidi kidogo ya umbali kutoka Dunia hadi Jua. Kisha akaipeleka kwenye kipimo chetu. Ilitoka robo ya unene wa unywele.

"Kuelekea wapi, Mjomba?"

Kushoto, kama umeelekeza uso kitovuni.

Akapiga magoti, akaweka ncha ya kidole kwenye kigingi, akakisukuma kushoto kwa uangalifu kadiri alivyoweza. Tukakiacha hapo.